Nani Anasimulia Vita ya Kwetu?

Somo la mambo ya leo, kwa wanafunzi wa miaka ya juu



Katika somo hili hatutaki kujua nani alishinda vita gani. Hayo mwalimu wa historia ameisha kutuandikisha. Tunatafuta kitu kingine. Vita ikiisha kupigwa, ao ikiwa ingali inapigwa, ni nani anayeisimulia? Anasimulia akiwa wapi? Na nani alilipa mdomo ule? Tumechagua ulizo hili kwa sababu hapa Kasongo na kule Kabambare kila kizazi kimeona vita yake, lakini masimulizi yaliyofika mbali yaliandikwa karibu yote na watu wa mbali. Neno la Mezali 18:17 linafundisha kwamba anayesema kwanza anaonekana kuwa na haki, mpaka mwenzake atakapokuja kumpima. Sasa, kama mwenzake hana gazeti, hana redio, hana hata unite katika telefoni, atakuja namna gani?

Tuanze na vita ya mababu, maana kwa ile vitabu viko na tunaweza kuvilinganisha.

Mwaka wa 1887 Leopold wa Pili, mfalme wa Wabeleji, alimweka Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunamwitaka Tippu Tip, kuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, na mfalme alijua vizuri. Kiisha Tippu Tip alirudi Unguja, na mtoto wake Sefu akabaki na nguvu hapa Kasongo. Urafiki ule haukudumu. Mwaka wa 1892 Ngongo Lutete, aliyekuwa jemadari wa Waarabu upande wa Lomami, alihamia kwa Leta. Sefu akadai arudishiwe mtu wake. Mwezi wa Novemba bunduki zikalia. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare ikachukuliwa mwezi wa Januari 1894. Hiyo yote mnaijua.

Ulaya walisikia hadithi moja, na ilikuwa nzuri kusikia: wazungu wanapigana na Waarabu kusudi wakomboe watumwa. Tuseme kweli, haikuwa ya uongo yote. Watu waliuzwa hapa. Nyangwe na Kasongo zilijengwa kwa jasho la waliokamatwa, na kati yetu kuna wanaotoka kwa waliokamatwa, kuna wanaotoka kwa waliokamata, na mara nyingi ni jamaa moja. Lakini hadithi ile iliacha pembe kando. Pembe za Maniema zilizokuwa zinapita Tanganyika kwenda Unguja ziligeuzwa njia, zikashuka na mto mpaka baharini na kwenda Antwerp. Tena wengi walioitwa "waliokombolewa" walijikuta wamevaa fezi nyekundu ya maaskari wa Leta, ao wamebeba mizigo ya Leta kichwani. Mzigo ule ule, mwenyewe mwingine.

Chukueni mfano wa Lippens na De Bruyne. Hao ni Wabeleji wawili waliokuwa wajumbe wa Leta hapa Kasongo, kwa Sefu. Vita ilipoanza walizuiliwa, na mwezi wa Desemba 1892 wakauawa. Mbele ya kufa, De Bruyne aliletwa mpaka ukingo wa Lomami azungumze na wazungu wenzake waliosimama ng'ambo. Wenzake walitaka ajitupe majini aogelee. Akakataa, kwa sababu Lippens alikuwa angali mikononi mwa Sefu. Ni tendo la moyo, hatukatai. Mwaka wa 1900 walisimamishiwa sanamu katika mji wa Blankenberge, kando ya bahari ya Ubelgiji. Sasa hesabuni wengine wa vita ile ile: wapagazi, wapiga kasia, wapishi, wanawake waliofuata jeshi na masufuria, maaskari wa Ngongo Lutete, watu wa Nyangwe waliokufa nyumbani mwao. Katika vitabu wao wanaitwa "mia fulani" na "elfu fulani". Ngongo Lutete mwenyewe, aliyewapa Wabeleji ushindi, walimshitaki kuwa msaliti na kumpiga risasi tarehe 15 Septemba 1893. Wengi wa maaskari wake hawakusahau. Mwaka wa 1895 waliasi Luluabourg, ndiyo Kananga, na maasi mengine yalifuata mpaka waasi wakaichukua Kabambare yenyewe mwaka wa 1898. Ripoti za wakubwa ziliwaita wanyang'anyi. Hakuna aliyewauliza kwa nini wameasi ili achapishe jibu lao.

Mganga mmoja Mwingereza, jina lake Hinde, alikuwa katika jeshi lile la Dhanis. Mwaka wa 1897 alitoa kitabu juu ya vita ile, na watu wangali wanakisoma. Anaeleza Kasongo vile jeshi lilivyoikuta: maghala ya vyakula, machungwa na mananasi, vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri ambayo maaskari wadogo walilalia. Ni ushuhuda wa faida, maana anakubali kwamba mji wetu ulikuwa mji, si pori. Lakini someni polepole. Anaona ghala, haoni aliyelima. Kitabu kizima kina mashamba, na wenye majembe hawana majina.

Mtatuambia: na upande wa pili? Upande wa pili pia uko na kitabu. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, na Mdachi mmoja, Heinrich Brode, akayatoa miaka ya 1902 na 1903. Kwetu tunaosema lugha ile ni urithi, na kila mwanafunzi wa Maniema angepaswa kukisoma. Lakini ni hadithi ya mkubwa. Anahesabu frasila za pembe vizuri sana kuliko wabebaji wake. Basi vita ya Kasongo iko na midomo miwili mikubwa, mmoja wa mfalme na mmoja wa tajiri, na kati ya midomo hiyo miwili mtu wa kawaida anapita pasipo kuacha alama.

Leopold alifahamu mbele ya wengi kwamba kushika inchi hakutoshi, lazima kushika pia habari za inchi. Mwaka wa 1904, wakati habari za mikono iliyokatwa juu ya kaochu zilipoanza kumchafulia jina, alifungua kwa siri ofisi ya magazeti. Kazi yake ilikuwa kulipa waandishi na magazeti ya Ulaya waandike mazuri. Walichapa gazeti lao, jina lake kwa Kifaransa "La Vérité sur le Congo", maana yake "Kweli juu ya Kongo", na kuliweka bure katika magari-moshi ili wasafiri walisome njiani. Mtu akinunua tikiti ya kwenda Paris, anapewa na kweli ya mfalme pamoja na kiti. Alikuwa na wasemaji hata Amerika. Mmoja wao, Kowalsky, barua zake za siri ziliingia mikononi mwa gazeti la New York American, na mwezi wa Desemba 1906 gazeti likazitoa zote hadharani. Angalieni sana pahali hapa: gazeti lile lilikuwa la tajiri Hearst, mtu mwenye magazeti mengi, na halikufanya vile kwa kutupenda sisi. Habari ya namna ile inauzisha gazeti. Kwa hiyo tusiseme kwamba mdomo mkubwa unadanganya kila siku. Unasema kweli siku ile kweli inamfaa mwenyewe.

Na wale wasio na ofisi walifanya nini? Kuna mambo mawili tunayotaka myakumbuke, hata kama hayakutokea Maniema, bali chini sana ya mto, upande wa Équateur.

La kwanza ni la mwezi wa Mei 1904. Baba mmoja, jina lake Nsala wa Wala, alifika kwenye misioni ya Kiprotestanti ya Baringa na kitu kilichofungwa majani. Ndani kulikuwa mkono na mguu wa binti yake, Boali. Mama Alice Harris, mmisionere, alimpiga picha akiwa amekaa barazani akitazama. Picha ile ilionyeshwa makanisani Uingereza na Amerika, usiku kwa usiku, ikiangazwa kwa taa juu ya kitambaa, na watu wa kawaida, wafanyakazi na mama wa nyumbani, wakatoa sadaka zao na kuandikia serikali zao. Chama cha Morel cha kutetea watu wa Kongo kilianzishwa mwaka ule ule, na picha za namna hii zikawa nguvu yake.

La pili linatugusa zaidi, kwa sababu halikuhitaji mashini ya picha. Leopold alilazimishwa kutuma tume ya uchunguzi, miaka ya 1904 na 1905. Chifu Lontulu wa Bolima alikuja mbele ya wachunguzi na mzigo wa vijiti 110, kila kijiti mtu mmoja wa kwake aliyeuawa juu ya kaochu. Viko virefu, viko vifupi: huyu mkubwa, huyu mwanamke, huyu mtoto. Akavipanga mezani, na kwa kila kimoja akataja jina. Sisi tunaona kwamba hiyo ilikuwa gazeti. Ilikuwa na hesabu, ilikuwa na majina, na mwandishi alikuwa mbele yao, waweza kumwuliza.

Tume ile haikufika Kasongo. Hakuna mashini ya Mama Harris iliyofika Kabambare. Mateso ya Maniema ya miaka ile hayakuwa madogo, lakini picha na majina zilitoka kule, na mpaka leo wageni wakisema "kaochu" wanafikiri Équateur peke yake.

Twende mbele haraka. Wazazi wetu waliishi na mdomo mmoja miaka zaidi ya 30, kwa utawala wa Mobutu, toka 1965 mpaka 1997. Ajensi ya habari ilikuwa ya serikali, redio ilikuwa ya serikali, na mbele ya habari za televisheni uso wa raisi ulionekana ukishuka katika mawingu. (Wengine kati yenu mnacheka, waulizeni wazee kama walichekaka.) Vita ya AFDL ilipokuja, Kindu ikachukuliwa mwisho wa Februari 1997, na huku watu wengi waliifuata vita ile kwa Kiswahili cha redio za nje, BBC, Deutsche Welle, Sauti ya Amerika, kuliko kwa redio ya mji mkuu wao wenyewe. Kiisha ikaja vita ya 1998. Kindu ikawa mikononi mwa RCD toka Oktoba ya mwaka ule, inchi ikakatwa vipande, gari-moshi la Kindu likasimama, na kila kipande kikawa na redio inayosema ya mkubwa wake.

Ni wakati ule foni ilipookoa watu. Wadogo zetu hawaijui: ni redio ya kusema na kusikia, yenye waya mrefu juu ya mti na batri ya gari chini ya meza, iliyokuwaka kwa misioni na kwa wafanyabiashara. Watu walipanga mstari toka asubuhi. Mmoja anasema, "Mwambieni mukubwa wangu wa Kindu, mama amefika, watoto wawili wamefika, mmoja hatujamwona." Na kila aliyekuwa katika mstari alisikia, na kila aliyekuwa na foni mpaka ng'ambo alisikia, naye akapeleka habari kwa miguu ao kwa kinga kwa mwenyewe, bila kulipwa. Watu wa kinga waliobeba chumvi na sabuni katika njia za pori walibeba na barua ndani ya soksi. Hakuna mkubwa aliyeamuru mpango ule. Mwaka wa 2002 Redio Okapi ilianzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi, na kwa mara ya kwanza toka inchi kugawanyika, vipande vyote vikasikia habari moja, na kwa Kiswahili pia. Tunaishukuru. Lakini nayo iko na mwenyewe, na fedha zake zinatoka mbali.

Na kinachotoka mbali kinaweza kuzimwa mbali. Mwezi wa Machi 2025 serikali ya Amerika iliwaondoa kazini kwa muda karibu watangazaji wote wa Sauti ya Amerika, na idhaa ya Kiswahili ikanyamaza. Mzee aliyeshika mawimbi yale toka ujana wake alifungua redio yake na kukuta upepo. Hakuna aliyemwuliza. Vilevile telefoni: tunasemaka kwamba sasa kila mtu yuko na mdomo wake mfukoni. Lakini WhatsApp na Facebook ni za kampuni moja, Meta, na ndani ya kampuni ile kura za mtu mmoja, Mark Zuckerberg, zinashinda kura za wengine wote wakiwa pamoja. Leopold hakufika pale.

Sasa tufike Kabambare ya siku zetu. Wote mnajua Salamabila na zahabu ya Namoya. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kazi yake ya biashara pale mwaka wa 2016. Mizozo ikaongezeka kati ya kampuni, wachimbaji wa mikono, jeshi na vikundi vyenye silaha. Mwaka wa 2019 kazi ikasimama. Mwezi wa Machi 2017 watu wa mgodi walikamatwa mateka, kati yao Mfaransa mmoja na Mtanzania mmoja, na habari ikazunguka dunia yote. Ilistahili kuzunguka, mateka ni mateka. Lakini vijiji vizima vya upande ule vilivyohama mara mbili, mara tatu, mwaka kwa mwaka, hatukusikia majina yao kwa redio kubwa. Na tangu Januari na Februari 2025, Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23, nafasi iliyokuwa ya Kongo katika habari za dunia imejaa kwa miji ile miwili. Hatuwaonei wivu ndugu wa Goma na Bukavu, wameumia. Tunasema tu kwamba nafasi ni ndogo na sisi tuko nje.

Kuwa nje si maneno ya heshima tu. Hapa tunaomba mfikiri vizuri. Katika mashariki ya Kongo, wengi wanaokimbia vita hawalali kambini, wanalala kwa wenyeji. Mtu wa Kabambare anafika na mzigo mmoja, anabisha mlango wa shangazi ya jirani wa mtu aliyemjua, na jioni ile watu kumi na wawili wanazunguka sufuria iliyokuwa ya sita. Mwenyeji anampa mgeni kipande cha shamba apande mihogo. Akina mama wa kanisa wanapitisha kikapo, huyu mchele, huyu mawese, huyu nguo ya mtoto. Kikundi cha likelemba kinakubali kumpa zamu ya kwanza mtu ambaye hajaweka hata franka moja. Huo ndio msaada mkubwa wa vita hii, na karibu hauonekani. Kambi yenye mahema meupe inaweza kupigwa picha. Sufuria ya watu kumi na wawili ndani ya nyumba yenye giza haipigwi picha. Panapokosa picha, lori la msaada linachelewa, ao linapita. Ndiyo maana tunasema kwamba anayeshika picha anashika na chakula.

Na mwenyeji naye anachoka. Hatutaki kufanya wimbo wa sifa. Kiisha miezi mitatu maneno yanaanza: watoto wao wanakula sana, wanachota maji yetu, mtu wao fulani alionekana na watu wa pori. Pale njo neno la uongo linapata nafasi. Picha ya maiti ya inchi nyingine inapita telefoni kwa telefoni, imeandikwa chini "Kabambare, leo asubuhi", pamoja na jina la kabila. Kabla ya jua kuzama watu wamefunga mizigo, ao wamechukua panga. Katika kalasi zetu tuko na wenzetu waliotoka kule. Wengine wanajificha wasiseme wanatoka wapi. Masomo ya msingi yamekuwa bure toka 2019, lakini sekondari inalipwa, na wengine kati yao wanakaa nyumbani kila wakati wa kudai malipo. Mwenzako akikaa nyumbani kwa malipo, na wewe umebaki kalasini unasambaza picha ile, ni nani aliyeshika mdomo pale?

Basi tumekubaliana kazi hii. Mbele ya kutuma habari ya vita, tutauliza: nani aliona kwa macho, na tunaweza kumwita kwa sauti? Kama hakuna, inakufia mkononi. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya vijiti vya Lontulu. Tumefungua daftari. Kila mwanafunzi aliye na wageni kwao, ao aliye mgeni, ataandika jina la kijiji kilichoachwa, mwezi na mwaka, watu wangapi walifika, walipokelewa na nani, na kitu gani kilikosekana zaidi. Kama kuna aliyekufa njiani na jamaa wanakubali, ataandikwa kwa jina lake lote. Majina ya wenye bunduki hatuandiki, wala pahali watu wanapojificha, wala hatupigi picha ya daftari kwa telefoni. Wote mnafahamu sababu. Wanaojua Kifaransa vizuri watatafsiri hesabu, pasipo majina, ili zipelekwe kwa redio ya hapa, kwa wakubwa wa teritwari na kwa wanaogawa msaada.

Daftari linakaa kwa mchungaji wa shule, ndani ya sanduku la vitabu vya nyimbo. Linafunguliwa kila siku ya ine kiisha masomo. Kalamu, kila mtu alete ya kwake.